Picha ya Zuhura Akiwa Ametulia

Wiki iliyopita mke wa mwanangu alisahau machicha jikoni. Alikuwa amekuna nazi za wali tangu jana yake, akakamua tui lake, na mabaki akayaacha kwenye bakuli chini ya kitambaa. Mimi niliingia asubuhi kutafuta chai. Nilipofunua kitambaa harufu ilinipanda puani, ile harufu ya nazi iliyolala, tamu kidogo na chachu kidogo, nikalazimika kuvuta kiti nikae. Mke wa mwanangu akadhani ni presha. Nikamwambia ndiyo, ni presha. Kusema kweli ilikuwa aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko wake.

Wengi wenu mnanijua kwa picha za farasi. Nimewapiga picha kwa zaidi ya miaka arobaini, wa mashindano, wa polisi, na wa matajiri wanaofuga ili waonekane wanafuga. Kila nikiulizwa mapenzi haya yalianzia wapi, hujibu kwa tabasamu kwamba yalianzia Gazi, na kwamba picha yangu ya kwanza niliipiga nikiwa na miaka kumi. Watu hufurahi sana kusikia hivyo. Picha yenyewe wameiona ukutani kwangu: farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe kipajini, ameinamisha shingo, ametulia tuli hata mkia hautikisiki. Wajuzi wa kazi hii wameniuliza mtoto aliwezaje kumtuliza mnyama kiasi kile. Jibu lilikuwa chini ya picha, mahali nilipokata kwa mkasi. Leo nawaambia ninyi kilichokuwapo pale.

Baba yangu, Bakari, alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, wa Memsahabu mmoja aliyekuwa na nyumba kule Diani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa kama ya kuazima, na duniani alijivunia jambo moja tu: kwamba anawajua farasi. Alirudi nyumbani Alhamisi jioni akinuka ngozi na jasho la mnyama, na Mama alimwambia akaoge kabla hajasalimia watu. Mimi nilimrukia vivyo hivyo. Harufu ile niliipenda kuliko halua, na Mama alisema nitakosa mume kwa ajili yake.

Siku za likizo alinichukua nikakae naye Diani. Huko ndiko nilikomwona Zuhura. Memsahabu alimwita jina lake la Kizungu, refu na gumu, lakini Baba alimwita Zuhura, na farasi mwenyewe aliitikia la Baba. Memsahabu alikuwa na kamera ya boksi, nyeusi, ya kushikiwa tumboni, na alipenda kuwapiga picha wanyama wake. Alipoona siondoki ubavuni pake akanifundisha, kwa Kiswahili chake cha amri, kuangalia katika kile kioo kidogo, kugeuka jua liwe mgongoni, na kungoja. Kitu kikitikisika, alisema, kitatoka kama moshi. Mimi nilijifunza kungoja, lakini Zuhura hakujifunza kutulia. Nzi walimsumbua, na alikuwa akitikisa kichwa, masikio na mkia kwa zamu.

Uhuru ulipokuja, Memsahabu aliuza nyumba. Farasi wake wawili walichukuliwa na watu wa bara. Zuhura alikuwa na umri, hakuna aliyemtaka, basi akapewa Baba. Mimi nikapewa ile kamera, na ndani yake filamu mpya ya picha nane.

Baba hakumpanda. Alimwongoza kwa hatamu kutoka Diani mpaka Gazi, mwendo wa siku nzima, na mimi nikifuata nyuma na kamera shingoni kama mke wa gavana. Kila kijiji watu waliacha majembe wakatoka kuangalia. Nyumbani alikuwa amekwisha kujenga banda la boriti za mikoko, limeezekwa makuti mapya, zuri kuliko jiko letu, na Mama hakuchoka kulitaja. Mzee Salimu, mwenye duka, alikuja kutazama akamwambia Baba kwamba sasa Memsahabu ni yeye. Watu wakacheka, na Baba akacheka nao. Lakini tangu siku ile hata wakubwa wake walikuwa wakisimama njiani kumjulia hali yeye na farasi wake.

Mnipe nafasi niseme wazi Baba alitaka nini, maana hakuwa mtu wa kusema. Memsahabu alipokuwa akiondoka, jirani yake, Mzungu mwenzake, alimwambia mbele ya Baba kwamba mnyama huyo hatamaliza mvua moja mikononi mwa watu wa kijijini. Alichotaka Baba ni kumwonyesha kila mtu kwamba Zuhura atakula, atanenepa na atazeeka Gazi, bila Mzungu kusimama nyuma yake. Memsahabu alimwachia anwani ya kwao Ulaya, na Baba aliahidi kumwandikia habari za farasi kila baada ya miezi michache. Alikuwa akingoja kwa hamu siku ya kuandika barua ile ya kwanza.

Sheria ya chakula ilikuwa moja. Zuhura alikula majani na pumba kwa kipimo, na kitu kingine asipewe. Baba alitueleza kwamba mbuzi akila kibaya ana njia zake za kujisaidia, lakini farasi hatapiki, kikiingia kimeingia. Alinieleza mimi kuliko wengine, kwa sababu alijua ninavyompenda.

Picha saba niliziharibu kwa nzi na haraka zangu. Ikabaki moja. Ijumaa moja nyumbani kwa jirani yetu walikuwa na harusi, na wanawake walikuwa wamekuna nazi tangu Alhamisi asubuhi. Machicha yalijazwa kwenye karai kubwa kando ya ukuta wa jiko, yakingoja kuku na mbuzi, kama ilivyo desturi yetu. Nilipita pale nikaona mbuzi watatu wamezamisha vichwa ndani ya karai, hawatikisiki, hata nzi hawawashughulishi. Nilisimama nikawatazama kwa muda mrefu. Mtoto wa mahali pasipo na nazi asingepatwa na wazo lile.

Asubuhi hiyo Baba alikuwa amempeleka Zuhura kunyoosha miguu njia ya Msambweni. Alichelewa kurudi, farasi ana jasho, na adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshasikika. Alimpa maji bila kungoja jasho likauke, kama ilivyo kanuni ya masaisi, akamfunga kivulini, akaoga mbio mbio, akaenda msikitini. Mama alikuwa harusini.

Nilichota ndoo moja ya machicha nikamwekea Zuhura. Alinusa, akainamisha shingo, akatulia. Nawaambia, sijaona tena farasi akitulia vile. Nikaangalia katika kioo, nikaona kivuli changu mwenyewe kimelala miguuni pake, nikasema hapana, hii ndiyo ya mwisho, lazima itoke vizuri. Wakati nazunguka kutafuta upande, ndoo ikaisha. Nikakimbia nikaleta ya pili. Safari hii jua lilikuwa mgongoni, kivuli kimetoka, nikabonyeza.

Kisha niliiosha ile ndoo. Hilo nataka mlijue, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba nilijua ninachokifanya. Niliiosha kwa mchanga na maji, nikaianika palepale nilipoitoa.

Baba aliporudi alimkuta Zuhura anaparapara chini kwa ukwato, anageuza kichwa kuangalia ubavu wake kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka humo. Baadaye akaanza kutaka kulala. Baba alimshika hatamu akamzungusha uani, mduara baada ya mduara, kanzu ya msikitini bado iko mwilini, inaingia matope. Alikuwa akimsemesha kwa sauti ndogo. Katikati ya kuzunguka akaniita.

"Mwanamisi, amekula kitu chochote?"

"La, Baba. Hakula kitu."

Akaniamini. Aliniangalia mara moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Kama angeniuliza mara ya pili ningesema, nimejiambia hivyo maisha yangu yote, lakini sina hakika kama ni kweli. Zuhura alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, tumbo limevimba, kichwa chake mapajani mwa Baba.

Wanaume walikuja kusaidia kuchimba shimo. Walikuja kwa wema. Lakini jioni, barazani kwa Mzee Salimu, mtu alisema jambo na Mzee Salimu akalitengeneza likawa mzaha: tumepewa nchi nzima, na farasi mmoja katushinda. Mzaha ule ulitembea. Ulifika Msambweni, ulifika Waa, na ulirudi kwetu ukiwa umeongezwa chumvi. Baba alipousikia alicheka kama wengine. Nilikuwa nimekaa karibu yake nikaona masikio yake yamewiva.

Siku chache baadaye aliniita niandike barua. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, na mimi nilikuwa darasa la nne. Nikakaa mkekani na kalamu. Tulianza na salamu, tukauliza afya ya Memsahabu na ya jamaa zake wote.

"Andika," akasema, "nilimpa maji kabla jasho halijakauka. Kosa ni langu mimi, Bakari."

Nikaandika. Mtanishangaa, lakini sikuona vibaya. Barua za kwetu siku zile zilijaa kuomba radhi. Mtu aliomba radhi kwa kuchelewa kuandika, kwa hati mbaya, kwa lolote alilokosa kwa kujua na kwa kutojua. Nilidhani Baba anafanya adabu tu, kama wakubwa wote, na nilishusha pumzi kwamba adabu yake imepatana vizuri na uongo wangu. Niliandika kwa hati yangu nzuri kabisa. Mwalimu aliyetuandikia anwani juu ya bahasha alinisifu, nami nikafurahi kusifiwa.

Mjomba alipokwenda Mombasa alipeleka filamu studio ikasafishwe. Saba zilitoka moshi, kama alivyosema Memsahabu. Ya nane ilitoka safi, na ndoo imeonekana yote, na machicha meupe yameng'ang'ania midomo ya Zuhura. Nikachukua mkasi wa Mama.

Mwaka uliofuata alikuja mtu kutoka Diani kumwita Baba akatunze farasi wa tajiri mwingine. Ilikuwa kazi nzuri. Baba alimkaribisha, akampa kahawa, akamwambia hapana, yeye hana tena mkono wa wanyama. Tangu hapo alikata boriti mikokoni, matope mpaka kiunoni, akirudi na mgongo uliopinda. Mimi niliona tu kwamba sitakwenda tena Diani likizo, nikanuna.

Miaka ikapita. Nilikwenda Nairobi, nikaajiriwa studio, picha zangu zikaanza kutoka magazetini. Safari moja nilirudi Gazi na albamu niwaonyeshe wazee. Miguu ya Baba ilikuwa imechoka, akishinda kwenye kitanda cha kamba barazani. Aliifungua albamu mapajani, akawa ananiambia kila farasi umri wake, huyu kwato mbaya, huyu anapigwa, huyu anapendwa. Hakukosea hata mmoja. Alipofika mwisho akaifunga taratibu.

"Mimi sikustahili kuwashika hawa," akasema. "Wangu nilimuua kwa maji."

Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Ilikuwa ni miaka ishirini na saba baada ya ile barua, na ndipo nilipofahamu kwamba hapakuwa na neno la adabu hata moja katika yale aliyoniandikisha. Mama alikuwapo. Akasema polepole kwamba asinisumbue na habari zile, kwamba amekuwa akizisema hata usingizini. Ndipo nikamwambia. Nilizungumza huku nimeangalia mkeka, nikaanza na karai la jirani nikamaliza na kuosha ndoo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na kwa kweli nilikuwa naitamani. Lakini Baba aliniuliza kama saisi. Ndoo ngapi? Mbili. Ya siku ileile au yaliyolala? Yaliyolala, Baba. Alikula yote? Yote. Akatazama uani, midomo yake ikienda kama anahesabu.

"Basi si maji," akasema. Kisha akaishika mikono yake mwenyewe, mmoja kwa mwingine. "Mama Mwanamisi, umesikia? Si mimi."

Mama akasema amesikia. Baba akaniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia, naye akatabasamu pale pale nilipotaja machicha. Uso wake ulikuwa ule niliouona siku tunatoka Diani. Nilimnyima uso ule tangu nikiwa darasa la nne, wakati neno langu moja lingetosha kumrudishia, na nilikaa nalo kimya huku nikisifiwa kwa mapenzi yangu ya farasi.

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Sijui kama alinisamehe. Siku ile sikuthubutu kumwomba, na yeye furaha haikumwachia nafasi ya kunikumbuka mimi.