Dua Zilizojaza Sanduku la Barua

Nilidhani mfanyakazi mwenzangu ananitania. Tulikuwa mapokezi, katika hoteli ndogo ninayofanya kazi hapa Bagamoyo, akaniambia orodha ya wageni aliyonitumia kwa barua pepe imemrudia.

"Sanduku lako limejaa, dada."

Limejaa! La kwangu mimi? Mimi ambaye kila barua ina chumba chake: za wageni huku, za ankara kule, za shule ya watoto peke yake, na matangazo nayafagia kila asubuhi kabla sijanywa chai. Wenzangu wana maelfu ya barua hawajazisoma na usingizi wanalala. Mimi nikiona hata moja imekaa si mahali pake, mwili unaniwasha.

Nikafungua. Mstari mwekundu juu kabisa: nafasi imekwisha, hutapokea barua mpya mpaka ufute vitu au ununue nafasi nyingine. Ninunue! Hasira ilinipanda, halafu ghafla ikanishuka, kwa sababu kulikuwa na barua moja niliyokuwa naisubiri kwa hamu. Mama yangu, anayeishi Mlingotini, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kliniki moja ya Dar ilimpima, ikamwandikisha kwenye awamu ya upasuaji, ikasema tarehe itakuja kwa barua pepe. Anwani waliyopewa ni yangu.

Nikabonyeza nione ni kitu gani kimekula nafasi yote hiyo. Nikaona maua. Waridi jekundu lenye matone ya maji, "Ijumaa Kareem". Kikombe cha kahawa kinachofuka moshi, na aya pembeni. Mikono iliyoinuliwa, Kaaba yenye taa, mtoto mchanga akisujudu, "Subhi njema wapendwa". Nikateremsha kidole, nikateremsha tena, hazikwisha. Wallahi sikuwahi kuziona hata moja.

Ilinichukua muda kuelewa. Niliponunua simu mpya, ile ya zamani nilimpa mama. Laini yangu niliitoa, lakini anwani yangu ya barua pepe ilibaki humo ndani, na kila picha aliyotumiwa mama na vikundi vyake, cha ukoo, cha maulidi, cha kinamama wa kijiji, simu iliihifadhi yenyewe kwangu. Kumbe picha na barua hula sahani moja, na picha zilikuwa zimeshamaliza wali.

Nikampigia. Sikutaka kugusa vitu vyake bila kumwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Hawajambo. Mama, zile picha za dua zimenijazia sanduku la barua. Nataka nizifute."

"Ukizifuta zinakwenda wapi?"

"Kwenye pipa."

"Pipa gani?"

"Pipa la taka, mama. Kila simu inalo."

Akasema taratibu, "Jina la Mungu ulitie kwenye pipa la taka? Nani kakufunza hayo? Si mimi."

Kwetu karatasi yenye aya haitupwi. Juzuu ikichanika, kurasa zake huwekwa juu, mahali safi, zikishakuwa nyingi huchomwa na majivu yakafukiwa pasipokanyagwa. Nimekua naona hivyo. Kwa hiyo nilipomaliza kumkasirikia mama nikajaribu mwenyewe kufuta picha moja tu, Ayatul Kursiyu kwa maandishi ya dhahabu, na chini yake kile kipipa kidogo kilichochorwa na kifuniko chake. Kidole kikakataa. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, humo ndani kuna pipa kweli?"

Nikamuuliza ustadhi anayesomesha watoto wangu. Akasema picha ya simu si msahafu wala karatasi, futa, hakuna dhambi. Nikampelekea mama jibu hilo.

"Huyo ndevu zenyewe hazijamkaa vizuri," akasema.

Nilikasirika kweli. Mtu ananing'ang'ania maua ya kwenye simu, na barua ya macho yake mwenyewe haina pa kuingia! Nikajisemea mama yangu ni mbishi, tena ubishi wake umezidi. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Mlingotini.

Nilikwenda na hila yangu. Nikamwambia tuzipange kama ninavyopanga barua zangu: zenye jina la Mungu zibaki, zisizo nalo zifutwe. Akakubali kwa furaha, akatandika mkeka barazani. Nikamshikia simu mbele ya uso.

Ya kwanza ilikuwa Bismillahi. "Iache," akasema.

Ya pili lilikuwa tangazo la mabati ya rangi, paa jekundu na bei kwa herufi kubwa.

"Iache hiyo, ni aya."

Nikacheka, nikadhani ananichokoza. Ya tatu ilikuwa tangazo la kijiji kwamba maji yatakatika.

"Hiyo dua. Iache."

Nikamtazama vizuri. Macho yake hayakuwa kwenye simu, yalikuwa pembeni kidogo, kwenye bega langu, na usoni alikuwa na lile tabasamu analompa mgeni aliyemsahau jina. Nikaigeuza simu, nikamwelekezea mgongo wake mweusi.

"Na hii, mama?"

"Na hiyo iache."

Nilipigwa na butwaa. Nikaiweka simu chini.

"Mama, huoni?"

"Mwanga naona."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Sisi alikuwa akituambia ni ukungu kidogo tu. Na kliniki kwenyewe nilimpeleka baada ya yeye kumwagia mgeni chai, akasema ni kikombe kilichoteleza. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba tungemhamisha, tungemfungia nyumba yake na kumleta mjini kukaa kwenye kochi. Simu alikuwa akiitumia kwa kuzoea. Ikilia anagusa pale anapopajua, anarekodi sauti: "Amin, Mwenyezi Mungu akulipe kheri." Nilizisikiliza. Muuza mabati naye aliitikiwa Amin, akarudi kuuliza mama anahitaji mangapi.

"Sasa mwanangu, uliponiambia tufute," akasema, "mimi nitajuaje ipi ni ipi? Si ningekwenda kuitupa aya kwa kubahatisha?"

Huo ndio uliokuwa ubishi wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Futa wewe," akasema. "Zote. Nia yako Mungu anaijua."

Nikapiga Bismillahi, nikafuta. Sanduku likabaki limejaa vilevile, kumbe hata pipa lenyewe lazima limwagwe ndipo nafasi irudi. Nikalimwaga. Palepale barazani nikaiandikia kliniki, nikawaomba radhi, nikawauliza habari za tarehe. Mama akaingia ndani kuswali alasiri. Kabla hajatoa salamu, jibu likaingia.

Waliandika kwa adabu kubwa. Barua ya tarehe waliituma, ikarudi. Wakaituma tena, ikarudi tena. Wakadhani tumeghairi, na nafasi ya mama wakampa mgonjwa mwingine, ambaye ameshapasuliwa. Awamu nyingine itakuwepo, lakini lini, hawajajua.

Mama alitoka, akakaa, akaniambia nimsomee. Nilisoma mpaka mwisho kisha nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, majirani wakichungulia. Nikawajibu huku nalia kwamba awamu yoyote ile tutakuja, nikaweka namba yangu ya simu, ya mume wangu na ya jirani wa mama.

Yeye aliposikia nimetulia akauliza:

"Huyo aliyepewa nafasi yangu, ana watoto wadogo?"

"Sijui, mama. Hawakusema."

"Kama anao, na awaone," akasema. "Mimi wa kwangu nimewaona mpaka wamekua."