Zimwi la Shemeji Mwashi

Shemeji yangu ni mwashi, na ukuta akiusimamisha yeye umenyooka. Hilo nampa, nisije nikaitwa mwongo. Kinachonitia kichefuchefu ni gemu lake: mashine ya zamani ya kaseti, imechomekwa kwenye televisheni ya kisogo, na humo yeye ni zimwi lenye mkia, refu kuliko ghorofa. Kutwa anawajengea watu, akirudi hata mikono hanawi, anakaa kubomoa miji. Zimwi linachomoa watu madirishani linawatafuna, naye anacheka meno yote nje. Kaseti ikigoma anaipulizia mate, anaifuta kwenye kwapa la fulana, anairudisha. Vitufe vinanata kwa uchafu.

Mdogo wangu, ndiye mkewe, alitaka kitu kimoja tu: chumba cha uani kiishe, mama yetu ahamie. Kwangu mama analala kwenye kochi, na kiuno chake kimeshakataa. Bwana akapanga mifuko ya saruji humo chumbani, akaweka televisheni juu yake, akajikalia. Akiambiwa apige plasta, anasema gemu za zamani ukizima tu unaanza upya, basi aachwe amalize.

Mvua ikanyesha, na bati lilikuwa halijapigiliwa sawasawa. Mwashi mzima, aliyezeekea kwenye saruji, akachukua turubai akafunika televisheni. Mifuko ikaloa.

Kwa kuwa alikuwa ametuahidi chumba kitakuwa tayari, Jumamosi nikampeleka mama na godoro lake. Tukamkuta anabomoa. Nikaupiga mfuko teke, nusura nivunje kidole. Jiwe tupu. Mdogo wangu akaanza kumtetea, eti kazi zilimzidi. Mama alikuwa anatazama kioo cha televisheni.

"Baba, huo mji unaouvunja ni wa nani?"

"Si wa mtu, mama. Ni gemu tu."

"Na mimi nalala wapi?"

"Subiri kidogo, mama. Limebaki ghorofa moja."

Hata shingo hakugeuza. Mama akaniambia nibebe godoro turudi. Mdogo wangu akashika upande wa pili, tukatoka naye.

Juzi jamaa kaja kumfuata mkewe. Mdogo wangu akamuuliza pale pale mlangoni chumba kimefikia wapi. Akaanza kulalamika kwamba saruji ya siku hizi haina maana, inaganda ovyo. Mdogo wangu akamfungia mlango, akarudi kumkanda mama kiuno.