Siku Kengele Isipolia

Mpishi wa shamba lile la Njoro hakujibu mtu kabla ya kufuta mikono. Alianza na kidole gumba, kikafuata cha shahada, mpaka cha mwisho, na wewe unangoja tu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayezungumza na sufuria. Miaka sita ya jikoni ilikuwa imemfunza jambo moja: memsaab, mama wa Kizungu mwenye nyumba, akitaka chai hupiga kengele; akitaka asichostahili, huja jikoni mwenyewe na kumwita rafiki.

Ijumaa hiyo kengele haikulia. Memsaab aliingia akitabasamu, akausifu mkate wa jana, akauliza hali ya watoto. Mpishi akaendelea kukanda unga, akilingoja lile neno.

"Wewe si boi hapa, rafiki yangu. Wewe ni mtu wa nyumbani. Sasa, Jumapili kuna wageni wanakuja kutoka Naivasha..."

Jumapili hiyo mpishi alikuwa na ubatizo wa binti yake, na ruhusa alishapewa tangu mwezi uliopita. Mpishi akafuta gumba. Akafuta cha shahada. Alipomaliza cha mwisho, akainua macho.

"Memsaab, kama mimi ni mpishi, Jumapili ni siku yangu ya ruhusa. Kama mimi ni rafiki, basi nitakuja na mama watoto, tutapita mlango wa mbele kama hao wageni wengine, na wewe utatupikia."

Memsaab akaugeukia mkate, kisha akatoka. Punde kengele ikalia. Mpishi akateleka maji ya chai.