Karai Lililopinduliwa

Mume wangu Obiero alikuwa karani wa kupima samaki ufuoni Dunga, kando ya ziwa. Mwaka 1995 alikwenda Maseno kusomea kompyuta. Omena, dagaa wetu wa ziwani, nilizoanika mimi ndizo zilizomsomesha. Akarudi na ndoto moja: programu ya kupokelea samaki itakayofanya kazi kwenye kompyuta ya chama chetu cha wavuvi, ya afisi ya uvuvi na ya walimu wake, na hizo tatu hazikuwa za ukoo mmoja, kila moja na mfumo wake.

Zana za kujengea madirisha na vitufe vya programu kama hiyo zilikuwa nyingi, akanieleza nikipepeta omena. Nyingine hubeba jiko lao popote ziendapo, zikichora vitufe zenyewe. Nyingine hupikia kwa mwenyeji, kila kompyuta ikatoa vitufe vyake yenyewe. Akachagua zenye jiko lao. Alinichorea vitufe vya picha kwenye katoni ya sabuni, nami nisiyejua kusoma nikamwambia pa kuweka samaki wetu, mbuta na ngege, na pa kuweka mizani. Cha kufungia nikampa karai lililopinduliwa, maana ufuoni kwetu mama akimaliza kuuza hupindua karai lake, na hakuna anayemuuliza tena.

"Ukiweza wewe, Mama Rosa," akasema, "kila mama wa Dunga ataweza. Kiti cha kupokea samaki ni chako."

Maneno hayo nililala nayo miaka miwili.

Siku ya kuionyesha nilivaa nguo ya kanisani. Obiero alinikalisha mbele ya kompyuta ya chama, wanawake wote nyuma yangu. Hapakuwa na mbuta wala karai. Vitufe vya kijivu tu, vyote sawa, vimejaa maneno.

"Karai langu liko wapi?"

Akasema picha zilitoka nyeusi kwenye kompyuta ya walimu wa Maseno, ndipo Dorca, aliyesoma naye na sasa amesimama kando yake, akamshauri abadilishe zana, achukue zinazopikia kwa mwenyeji.

"Na kitini atakaa Dorca," akasema bila kunitazama. "Yeye anasoma."

Zeituni muuza ngege akacheka. "Bonyeza basi, Mama Rosa. Si ulituambia unaijua kama sufuria yako?"

Nikabonyeza kilichokuwa karibu. Dirisha likajifunga. Dorca akapitisha mkono juu ya bega langu kulifungua tena, na mkononi mwake nikaiona saa niliyomnunulia Obiero alipokwenda Maseno.

Nikainuka, nikampisha.

Nasikia inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta zote tatu.