Kalamu Tatu za Bingwa wa Ini
Bingwa wa ini hapa kliniki hutembea na kalamu tatu mfukoni, na sisi wauguzi hajawahi kutuazima hata moja. Katika kila mhadhara huchora jeni kama safu ya swichi, hukohoa kidogo, kisha huanza kujisikiliza: “Virusi vya homa ya ini vikitoka, swichi hubaki jinsi vilivyoziacha. Saratani bado inaweza kuja, kwa hiyo mgonjwa apimwe kila miezi sita.” Wanafunzi huandika mbio mbio. Jana mke wa fundi cherehani alimwekea mezani cheti ambacho bingwa mwenyewe alimpa mumewe mwaka juzi: “Amepona virusi. Asirudi.”

“Sasa huu uvimbe kwenye ini, daktari?”

Alikisoma mara mbili, akachagua kalamu yenye wino uleule wa cheti, akaongeza baada ya “Asirudi”: “isipokuwa kila miezi sita.”