Siku Niliyojingoja Nishuke na Ndege

Jamani, hii nawaambia kwa sababu najua mshaisikia nusu nusu kutoka kwa watu wa Bungoma, na afadhali muisikie kwangu mwenye aibu.

Ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Nekesa kuzungumzia mahari. Wazee wetu walitangulia asubuhi, mimi nikabaki Kitale eti nanyolewa kwanza (nywele zenyewe mnazijua, si nyingi), na nilikuwa bado kwenye kiti cha kinyozi, taulo shingoni, mjomba wake Nekesa alipopiga simu. Huyo wanamwita Khocha, na ndiye mkali wa ile boma, akikukataa umeenda.

"Mkwe, umefika wapi?"

Sasa ningesema bado nanyolewa? Nikampokonya kinyozi simu yake, nikatafuta Kitale hadi Bungoma ni muda gani, jibu la kwanza likasema dakika chache tu, na kando yake kapicha kadogo ka ndege. Nilikaona. Hapo ndipo ningenyamaza, lakini mimi tena, nikajibu kwa mbwembwe, "Kwa ndege ni dakika chache tu, mzee!"

Sauti ikarudi na heshima tele. "Aaa. Kwa ndege. Sawa, mheshimiwa."

Nikacheka, nikajua utani umeingia. Nikachukua pikipiki ya boda, mvua ikatukuta Kiminini, nikazima simu nikaifunga kwenye karatasi ya nailoni isilowe, tukaanguka kwenye tope, tukainuka, tukaendelea.

Karibu na kwao nikakuta uwanja wa shule umejaa watu. Ng'ombe wameondolewa, majani mabichi yanafuka moshi katikati (vile hufanywa mwanasiasa akija matangani na chopa, ile helikopta, ione upepo na pa kushuka), kwaya ya kanisa imejipanga, na wote wameangalia juu. Wazee wetu nao wako mbele kabisa, vifua nje.

"Mama, kuna nini?" nikamuuliza mmoja.

"Si tunangoja bwana wa Nekesa? Anashuka na chopa. Wewe wa matope, simama nyuma bana, upepo utakubeba."

Nikasimama nyuma. Haki, badala ya kusema ukweli nikainua kichwa na mimi, nikajingoja. Kuna wakati hata nilidhani nimesikia mlio.

Nekesa ndiye aliyeniona. "Wewe! Unaangalia nini huko juu?"

Kwaya nzima ikanigeukia. Khocha akaja polepole, akatazama viatu vyangu, akatazama mawingu mara ya mwisho.

"Na ndege?"

"Ni... ni simu ilisema, mzee."

"Simu." Akamgeukia Nekesa. "Mtoto wangu, ni huyu unataka? Sema sasa, kuku bado hazijachinjwa."

Hapo niliogopa kweli, kwa maana nilimpenda yule msichana na nilikuwa nimemwaibisha mbele ya kanisa zima. Yeye alikuwa ameinama, ameshika tumbo, nikadhani analia. Kumbe ni kicheko.

"Ni huyu, Khocha. Mpeni maji anawe, tuingie."

Tulioana. Lakini kwao jina langu lilipotea, mimi ni Rubani, na mama mkwe, ambaye kwa desturi haniangalii usoni, nikifika huangalia juu kwanza. Siku hizi mtu akiniuliza nimefika wapi, namwambia bado niko nyumbani, natafuta soksi.