Mume Aliyejipakia

Tangu daktari apange siku ya kumwanzishia Maren uchungu wa kuzaa, mumewe kila neno ni "sisi". "Kesho tunaanzishiwa!" anawatangazia majirani wa mjini Duluth, Marekani, wanaozoa theluji kwa mabeleshi, huku akijipigapiga tumbo, utadhani dripu atatundikiwa yeye. Mikono yake laini haitulii: inafunga zipu, inafungua, inapapasa chaja mfukoni. Kila akipakia kitu garini hupiga paa makofi mawili na mluzi juu, kama fundi aliyemaliza kujenga daraja. Kapakia mto wake, maana wa hospitali utamuumiza shingo. Kapakia feni, maana halali bila mvumo wake. Kapakia na boksi la barafu lenye soseji na jibini. "Shughuli hii hukawia, mpenzi. Mtu hawezi kushinda na njaa." Mtu huyo si Maren, aliyekwisha kuambiwa atamumunya vipande vya barafu tu.

Asubuhi hospitali ikapiga simu: kitanda kimepatikana, njooni. Maren akashika kiuno, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Kumejaa pomoni. Kiti cha mtoto, ambacho wauguzi wasipokiona hawakuruhusu kuondoka na mwanao, bado kimo katoni kule gereji.

"Na mtoto atakaa wapi?"

Mwanaume mzima akakuna kidevu, akalitazama boksi la soseji kwa huruma, kisha akamtazama mkewe.

"Kwani nyinyi wawili hamwezi kurudi na teksi?"